Mshororo Huanzia Upande Gani?

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii niliisikia kwa ami yangu kabla sijajua kusoma, na kwa miaka mingi niliichukua kama watu wengi waichukuavyo, kuwa ni onyo kwa anayetangatanga akasahau kwao. Ilinibidi nifanye kosa moja, ambalo hadi leo nikilikumbuka hunitoka jasho, ndipo nikaisikia kwa sikio jingine. Msemaji wa methali hii hakutaja kulia wala kushoto, hakutaja mashariki wala magharibi. Ametaja tezi na omo, nyuma ya chombo na mbele ya chombo. Chombo kielekee Mombasa au kielekee Muscat, kizunguke kitakavyozunguka, omo ni omo na tezi ni tezi. Pande hizi hazikutundikwa juu ya mwili wa anayetazama. Zimetundikwa juu ya chombo chenyewe.

Kazi yangu ni kutunga programu za kompyuta. Najua kwamba wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa mizani na vina, na huenda wakajiuliza mtu wa mashine amefuata nini katika baraza ya washairi. Naomba nivumiliwe. Nililokuja kulisimulia ni khabari ya shairi, na namna nilivyokaribia kuliharibu kwa neno moja la upande.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mshairi wa barazani, si wa magazetini. Aliacha mswada mmoja tu, wenye beti 32 alizoziandika kwa wino mweusi na kwa hati za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika washairi wa mwambao muda mrefu kabla ya hati za Kirumi kutia mguu katika skuli zetu. Sababu ya shairi lile ilikuwa ugomvi. Babu na nduguye walirithi shamba la mikarafuu huko Pemba, wakakosana juu ya mpaka, na kwa miaka 7 hawakusalimiana. Misiba ikapita, arusi zikapita, kila mmoja akikaa upande wake wa jamvi. Siku walipopatana, babu hakwenda kwa kadhi kuandikisha kitu. Alitunga shairi, akalighani mbele ya nduguye na watoto wa pande zote mbili, kisha akalikunja na kulitia sandukuni. Tangu siku ile shairi ndilo likawa hati ya sulhu yetu. Atakaye kujua nani alisamehe nini, na kwa masharti gani, hana pengine pa kutazama.

Mishororo yake ni ya mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao. Kina cha kati hubadilika kila ubeti. Kina cha mwisho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika mswada kila mshororo umechukua mstari mmoja. Ukwapi umekaa upande wa kulia wa karatasi, kisha vitone vitatu vya wino mwekundu, kisha utao upande wa kushoto. Msomaji huanza kulia na kumalizia kushoto, kama hati zenyewe zitakavyo.

Mwaka 2008 ami aliniita nyumbani kwake. Alikuwa mtoto pekee wa babu aliyebaki hai, baharia mstaafu aliyeumaliza ujana wake juu ya majahazi, na macho yake yalikuwa yameanza kutanda mtoto wa jicho. Mswada nao ulikuwa umeliwa na wadudu pembeni.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe una mashine inayokuza herufi. Litie shairi la babu yako humo kabla halijaisha, na mimi sijaisha."

Tulikaa siku 11. Yeye akighani kwa moyo, mimi nikiandika mara mbili, mara kwa hati za Kirumi kwa ajili ya vijana wa skuli, mara kwa hati za Kiarabu kwa ajili yake na wazee wenziwe. Kisha nikatunga programu ndogo ya kuzionyesha beti hizo kwenye kioo cha kompyuta na kuzipiga chapa, yenye kitufe cha kubadilisha hati.

Hapa pana haja ya maelezo kidogo. Mtu anayetunga sura ya programu, yaani kile ambacho macho hukiona na kidole hukibonyeza, kazi yake kubwa ni kuambia vitu mahali pa kukaa. Kwa mashine, kioo ni uwanja wa nukta, na nukta ya kwanza, sifuri kwa sifuri, aghalabu iko pembe ya juu ya kushoto. Ukienda kulia hesabu huongezeka. Ukishuka chini huongezeka pia. Huo ni urithi wa vioo vya zamani, ambavyo mwali wake uliichora picha kwa kuanzia juu kushoto na kushuka mstari kwa mstari, mfano wa jicho la msomaji wa hati za Kirumi. Kurasa za PDF kwa kawaida zina mila nyingine. Zenyewe huanza kuhesabu kutoka pembe ya chini, na huko kupanda juu ndiko kuongezeka.

Binadamu lakini hawezi kuishi kwa nambari tupu. Kwa hiyo waundaji wa lugha za programu wakaazima majina ya pande kutoka kwenye dira. Katika Java, lugha ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, kuna mpangilio mmoja mashuhuri unaoligawa dirisha mahali patano: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi na Kati. Kaskazini maana yake ni juu ya dirisha, na Magharibi maana yake ni ubavu wake wa kushoto. Igeuze meza yako ielekee baharini au ielekee ukutani, kaskazini ya dirisha haitoki mahali pake. Aliyelelewa na ramani za skuli haoni ajabu yoyote. Al-Idrisi, alipomchorea Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, aliiweka kusini juu. Lau madirisha ya Java yangebuniwa na wanafunzi wake, sote leo tungeandika Kusini pale tunapotaka kichwa cha ukurasa.

Nami nikaandika bila kufikiri. Ukwapi nikauweka Magharibi, utao nikauweka Mashariki. Nikajaribu kwa hati za Kirumi, kila kitu kikakaa sawasawa. Nikabonyeza kitufe, hati za Kiarabu zikatokea. Nikakagua neno moja moja. Herufi zimeshikana vizuri, zinakwenda kutoka kulia hadi kushoto. Nikaridhika. Ilikuwa jioni ya kuamkia Idi. Sikumwonyesha ami, kwa kuwa nilitaka kumshangaza. Nikapiga chapa nakala 20.

Siku ya pili ya Idi jamaa wa pande zote mbili walikusanyika. Akateuliwa mtoto wa miaka 12, mjukuu wa upande wa pili, aliyekuwa hodari wa kusoma chuoni. Akashika karatasi yangu akaanza kulia, kama alivyofundishwa, akapaza sauti yake nzuri. Katika mswada, ubeti wa tisa una mshororo huu:

Wakapigana kwa ndimi, wakapatana kwa nyoyo.

Mtoto akasoma:

Wakapatana kwa nyoyo, wakapigana kwa ndimi.

Msomaji mwenye sikio ameshaona. Hakuna neno lililopotea, hakuna herufi iliyoharibika, mizani ni nane kwa nane. Lakini kiambishi "ka" katika Kiswahili ni kamba inayofunga tukio kwa tukio lililotangulia. Ukigeuza kamba, umegeuza dunia. Mabwana wawili waliogombana kisha wakapatana, sasa walikuwa wamepatana kisha wakagombana.

Laiti lingekuwa jambo la sarufi tu. Miaka mingi baada ya sulhu, mikarafuu mitatu ilikatwa karibu na ule mpaka, na kukawa na mnong'ono kwamba waliovunja ahadi ni watoto wa yule ndugu mdogo. Mnong'ono ule haukuwahi kusemwa kwa sauti. Sasa ulikuwa umesemwa, kwa sauti ya mtoto wao wenyewe, kutoka katika karatasi yenye jina la babu yangu.

Shangazi yangu, binti wa yule ndugu mdogo, akaiweka chini sahani ya halua. "Kumbe ndivyo alivyoandika baba mkubwa?" akauliza taratibu. "Kwamba tulipatana kwanza, kisha sisi tukarudi kupigana? Na miaka yote hii hatukuambiwa?"

Hakuna aliyejibu. Mtoto akaendelea kusimama na karatasi mkononi, hajui kosa lake ni lipi. Alikuwa hana kosa. Kosa lilikuwa langu, na mimi wakati ule nilikuwa sijalijua.

Aliyejua ni ami. Macho yalikuwa hayamsaidii, lakini sikio lilikuwa zima. "Kina kimehama," akasema. "Kina cha mwisho kimekaa kati, na cha kati kimekwenda mwisho. Baba hakutunga hivi." Akalighani shairi lote kwa moyo, beti 32, bila karatasi. Watu wakatulia, wengine wakatikisa kichwa kwa kuafiki. Shangazi alisikiliza mpaka tamati, kisha akajifunga mtandio wake akaaga. Alikuwa amelisikia neno lililo sahihi. Lakini alikuwa amelisikia na lile jingine, na neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea.

Usiku ule nilifungua mashine yangu. Nilichokigundua nakieleza kwa ufupi, kwa kuwa ndicho kiini cha yote. Kuna mkataba wa dunia nzima wa herufi za kompyuta uitwao Unicode. Kwa mkataba huo, maneno huhifadhiwa kwa mpangilio wa ulimi, si kwa mpangilio wa jicho. Herufi inayotamkwa kwanza huwekwa kwanza, iwe ya Kirumi au ya Kiarabu. Wakati wa kuonyesha ndipo mashine huuliza kila herufi upande wake. Herufi za Kiarabu hujibu kwa nguvu kwamba zinakwenda kushoto, za Kirumi hujibu kwa nguvu kwamba zinakwenda kulia. Tarakimu zina tabia yake. Hata ndani ya maandishi ya Kiarabu, mwaka wa Hijria husomwa elfu yake ikiwa kushoto. Nafasi, nukta na mabano hazina kwao. Hufuata majirani, kama mgeni afuatavyo desturi ya nyumba aliyofikia. Hata bano, mashine hailijui kwa umbo lake. Hujua tu kwamba hili ni la kufungua na lile ni la kufunga, na umbo huligeuza kulingana na mwendo wa maandishi.

Kanuni hii ni ya hekima kubwa, na ndiyo iliyonidanganya. Iliyatengeneza maneno yangu yote, lakini nguvu yake hukomea ndani ya aya. Haikujua kwamba visanduku viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu ni nusu mbili za pumzi moja. Visanduku niliviweka mimi, na mimi nilikuwa nimesema Magharibi na Mashariki. Mashine ilinitii. Maneno yakageuka, visanduku vikabaki, na shairi likaanza kusomeka kwa utao.

Asubuhi nikaenda kwa ami kukiri. Nikamweleza yote, pamoja na dira ya dirisha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kaskazini ya dirisha!" akasema. "Nani aliyeiona ikivuma?" Maana kwetu sisi kaskazini na kusini ni pande zilizopewa majina na pepo, kaskazi iletayo majahazi kutoka Arabuni na kusi iyarudishayo. Kisha akanyamaza kidogo akaniuliza, "Unajua kwa nini nahodha hasemi 'vuta kamba ya kulia'?"

Nikamwambia sijui.

"Kwa sababu kulia kwa nani? Kwako wewe uliyeelekea omo, au kwangu mimi niliyegeuka kutazama tezi? Chombo hakina mkono wa kulia chakula. Sisi twasema joshi na demani. Joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande upepo unakokwenda. Tunapobisha tukageuza tanga, ubavu uliokuwa joshi unakuwa demani, na kila baharia anajua bila kuambiwa, kwa sababu upepo umemwambia. Wewe shairi lako lina upepo wake. Ungeliuliza."

Kisha akanisimulia khabari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipokuwa kijana wa miaka 15, katika safari yake ya kwanza, walifika Muscat magharibi imekaribia. Msomaji wa visiwani anajua kwamba kwetu Unguja kibla ni kaskazini karibu kabisa, kwa kuwa sisi tupo kwenye nyuzi 39 za mashariki na ushei, na Makka nayo haijafika 40. Ndiyo maana wazee wengine waliposema kibla walikuwa wakimaanisha kaskazini yenyewe. Kijana yule alishuka pwani, akatawadha, akatandika kanga yake mchangani na kuelekea kaskazini, kama mwili wake ulivyozoea. Mzee mmoja akamshika bega, akamgeuza kwa upole kuelekea jua linakotua. Muscat, Makka iko magharibi.

"Kibla hakikubadilika," ami aliniambia. "Ni kilekile kimoja. Kilichokuwa na makosa ni mwili wangu, ulioandika 'kaskazini' mahali pa kuandika 'Makka'. Nawe umefanya vivyo hivyo. Umeandika 'magharibi' mahali pa kuandika 'mwanzo'."

Nimesoma vitabu vingi vya fani yangu. Sikupata kuelezwa jambo hili kwa uwazi zaidi. Tena aibu yangu ilizidi nilipofungua maelezo ya Java na kukuta kwamba dawa ilikuwamo humo tangu mwaka 2002. Pembeni mwa Mashariki na Magharibi waliongeza majina mengine manne: mwanzo wa ukurasa, mwisho wa ukurasa, mwanzo wa mstari, mwisho wa mstari. Ukiliambia dirisha kwamba maandishi yake huenda kutoka kulia, mwanzo wa mstari huhamia kulia wenyewe. Ukiliambia huenda kutoka kushoto, hurudi kushoto. Mtunzi wa programu hana haja ya kuujua mkono. Hutaja jambo, na upepo wa lugha huonyesha mahali. Walioubuni mpangilio ule walikwishalijua kosa langu miaka 6 kabla sijalifanya.

Nikafuta Magharibi, nikaandika Mwanzo wa Mstari. Nikafuta Mashariki, nikaandika Mwisho wa Mstari. Maneno mawili tu, na shairi likasimama kwa miguu yake.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hofu ya kurudia kosa, nikaingia katika kosa la pili. Nikaiamuru programu, kila inapoonyesha hati za Kiarabu, igeuze kila kitu kama kioo cha kujitazamia. Vishale vya kufungua ukurasa unaofuata vikageuka, na hilo lilikuwa sawa, kwa kuwa "mbele" ya kitabu cha hati za Kiarabu iko kushoto. Lakini katika ukurasa wa kwanza nilikuwa nimechora ramani ya visiwa vyetu, kuonyesha shamba lilipo. Nayo ikageuka. Pemba ikawa kaskazini magharibi ya Unguja, imejibanza bara. Mji Mkongwe ukatazama bahari kuu ya mashariki, na Chwaka ikaelekea Bagamoyo.

Ami akaisogelea mashine mpaka pua ikakaribia kioo. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi leo jua litachwa Chwaka."

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba pande si jamii moja. Ziko pande za mwili: kulia, mkono tunaolia chakula, na kushoto, au kuume na kuke, kama walivyosema wa zamani. Hizi hugeuka kila tunapogeuka. Ziko pande za dunia: mashariki jua linakochomoza, magharibi linakozama. Hizi hazigeuki kwa ajili ya mtu, wala kwa ajili ya hati. Na ziko pande za makusudio: omo na tezi, joshi na demani, kibla, mwanzo wa mshororo na mwisho wake. Hizi hazisemi kitu kiko wapi; husema kitu ni cha nini, na mahali pake hufuata baadaye.

Takriban kila kosa la pande nililoliona katika kazi yangu, langu na la wenzangu, ni kosa la kuchanganya jamii hizi tatu. Anayeandika "kushoto" akimaanisha "mwanzo" amechukua upande wa mwili mahali pa upande wa makusudio. Anayegeuza ramani kwa sababu hati zimegeuka ameuchukua upande wa dunia akaufanya wa hati. Saa ya mishale haigeuzwi kwa msomaji wa Kiarabu, kwani mishale ya Muscat na ya London huzunguka upande mmoja. Kishale cha kuendeshea kanda ya muziki nacho kwa desturi hakigeuzwi, kwa kuwa kimerithi mwendo wa utepe, si mwendo wa jicho. Bali kishale cha kurudi ukurasa uliopita lazima kigeuke, kwa kuwa "nyuma" ni nyuma ya usomaji. Hapana kanuni ya kugeuza vyote wala ya kuacha vyote. Kila kimoja huulizwa: wewe upande wako ni wa nani?

Dunia ya mashine imekuwa ikijifunza swali hili polepole. Mwaka 2012 simu za Android, katika toleo la 4.2, ziliwapa watunzi wa programu maneno "mwanzo" na "mwisho" ya kutumia mahali pa "kushoto" na "kulia" katika mpangilio mzima wa kioo. Mwaka 2013 Unicode nayo ikaongeza alama zisizoonekana za kulizungushia neno geni ua wake, ili jina la Kirumi likiingia katikati ya mstari wa Kiarabu lisiivute nukta au tarakimu ya jirani na kuipeleka pasipo pake. Kurasa za intaneti siku hizi zina maneno yake ya mwanzo na mwisho wa mstari. Mwaka 2014, nilipolihamishia shairi kwenye simu, sikuandika kulia wala kushoto hata mara moja. Ubeti wa tamati, ambao babu aliutia tarehe ya Hijria kwa tarakimu, ulikaa vizuri tangu siku ya kwanza.

Sitaki wasomaji wadhani kwamba nakuja kuuza mashine. Nakuja kueleza hofu. Miswada ya mwambao huu imekuwa ikiingizwa katika kompyuta, mingine na wataalamu, mingine na wajukuu kama mimi wenye nia njema na haraka. Wengi wanaoiingiza hawazisomi hati hizo kwa urahisi, na mashine huwaonyesha maneno yaliyoshikana vizuri na kupendeza. Neno lililoharibika hupiga kelele, kila mtu huliona. Ukwapi uliokalia kiti cha utao haupigi kelele. Utasomwa, utakaririwa, utaingia katika kumbukumbu za watoto, na baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua kwamba mshairi alisema kinyume chake. Katika nyumba yetu palikuwa na mzee mmoja aliyelijua shairi kwa moyo, na kina kilipohama sikio lake likashtuka. Ami alifariki mwaka 2016. Tangu hapo sikio hilo hatunalo, na kinacholinda mpangilio wa beti zile 32 ni maneno mawili niliyoyaandika katika programu.

Kabla hajafariki tulikwenda pamoja kwa shangazi. Nilimpelekea nakala mpya, nikamweleza kosa langu, nikampa na mswada wenyewe auone kwa macho yake. Maana yeye alisoma chuoni na hati zile anazijua kuliko mimi. Aliufuata ubeti wa tisa kwa kidole, kutoka kulia, taratibu, akavuka vitone vyekundu, akafika kwenye nyoyo. Akaurudia mara mbili. Kisha akasema, "Haya," akaenda jikoni kututilia chai.

Nakala mpya aliipokea akaiweka. Ile ya kwanza, yenye kosa, nilimwomba anirudishie niichane, akakataa. Mwaka jana nilipomtembelea niliiona imebandikwa ndani ya kabati lake, na juu yake, pale ambapo mashine yangu iliuweka ukwapi, upande wa kushoto wa karatasi, ameandika kwa kalamu ya risasi na kwa hati za Kiarabu maneno mawili, na kishale kidogo chini yake.

Anzia huku.